Ukoo Wenye Pengo la Daktari

Ukoo wetu hupanga watoto kama kocha anavyopanga timu. Tunaye padri, mtoto wa binamu yake marehemu babu, ambaye hufika kubariki nyumba mpya na kumaliza kuku. Tunaye polisi, yuko huko kusini mwa nchi na hajawahi kutusaidia kitu, lakini hutajwa kwa sauti kubwa kila ng'ombe wanapopotea kijijini kwetu Kisesa. Tunaye mtendaji wa kata, baba yangu mdogo. Tunaye nesi, shangazi yangu, aliyestaafu kazi lakini hajastaafu kuwaambia watu wanaumwa nini. Na tunaye mwalimu wa shule ya msingi, ambaye ni baba yangu mzazi. Huyo walimhesabu jinsi mtu anavyohesabu mwavuli ulioegemezwa nyuma ya mlango: upo, haya, tuendelee. Namba iliyokuwa wazi ni ya daktari.

Pengo hilo lilituuma zaidi kwenye harusi. Kwetu, ukifika wakati wa utambulisho, mshereheshaji humpa kipaza sauti mkubwa wa ukoo, naye huwasimamisha ndugu mmoja mmoja na kuwataja kwa kazi zao. Wasio na kazi ya kutajika husimamishwa kwa mkupuo mwishoni, "na wengine wote wa familia," wakapunga mikono na kuketi haraka. Kwenye harusi ya binamu yangu mmoja, upande wa bwana harusi ulisimamisha madaktari wawili, mmoja wa meno na mmoja wa macho. Baba mkubwa, ambaye ndiye huwa anashika kipaza sauti chetu, alijaribu kujibu mapigo kwa kumsimamisha shangazi na kumwita "mtaalamu wetu wa afya". Ukumbi ulipiga makofi ya huruma. Mzee yule alirudi Kisesa amenuna, na alibaki hivyo mpaka matokeo yangu ya kidato cha nne yalipotoka.

Matokeo yangu yalikuwa mazuri. Fizikia na hesabu nilifaulu sana, kemia nilipita kawaida, na baiolojia niliponea chupuchupu. Mtu yeyote anayejua kusoma angeona mtoto huyu anaelekea wapi. Baba mkubwa aliona neno moja tu, sayansi, na kwa akili yake sayansi ina mlango mmoja ambao nyuma yake limetundikwa koti jeupe.

Mimi nilikuwa najua ninachokitaka. Nilitaka kusomea ufundi wa majokofu. Si friji za nyumbani peke yake, nilitaka vile vyumba vya baridi vya viwanda vya samaki, ambamo minofu ya sangara hukaa ikisubiri kusafirishwa. Mwalimu wetu wa fizikia alitupeleka kuviona tulipokuwa kidato cha tatu. Nje jua lilikuwa linachoma mawe ya kandokando ya ziwa, na ndani tulivalishwa makoti mazito na bado tukatetemeka. Fundi aliyetutembeza alitueleza kwamba baridi haitengenezwi wala haiingizwi mle ndani. Kinachofanyika ni kulitoa joto lililomo na kulitupa nje. Wenzangu waliziba pua na kulalamikia harufu. Mimi niliduwaa mbele ya ile mitambo, kwa sababu mama yangu alikuwa anauza samaki sokoni Mkuyuni, na nilikuwa nimemwona mara nyingi akimwaga sato walioharibika huku ametazama pembeni. Nilielewa siku ile kwamba ule msiba wa nyumbani kwetu una ufundi wake, na ufundi huo kuna mahali unafundishwa.

Nikaanza kuulizia. Njia ya udaktari ilikuwa hivi: miaka miwili ya kidato cha tano na cha sita kwa tahasusi ya fizikia, kemia na baiolojia, ufaulu wa juu katika yote matatu, miaka mitano ya chuo kikuu, mwaka wa mazoezi hospitalini, halafu kukaa kusubiri ajira. Njia ya majokofu ilikuwa miaka mitatu ya chuo cha ufundi kuanzia kidato cha nne, fizikia ikitangulia mbele, na viwanda vyenyewe vipo hapa hapa ziwani. Niliyapima haya kwa miezi yote ya kusubiri matokeo. Hakuna mwingine katika ukoo mzima aliyeyapima, na hilo nitalisema mpaka nizeeke.

Mtu wa kwanza kumwambia alikuwa baba. Nilimkuta barazani anasahihisha madaftari, akaiweka kalamu chini, akanisikiliza kama mwalimu anavyomsikiliza mwanafunzi aliyesoma. Aliuliza maswali ya maana: wanasoma nini mwaka wa kwanza, wanapelekwa kwenye mazoezi wapi, wasichana wanapokelewaje. Nilipomaliza alitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Hii ni kazi, mwanangu. Ina hesabu, ina mikono. Na utakula."

"Kwenye kikao utanisemea, baba?"

"Nitalisema. Hilo niachie mimi."

Nilimwamini. Kikao kilikuwa kifanyike kwetu Pasiansi, katika nyumba aliyoijenga yeye, kwenye sebule yenye makochi aliyoyanunua yeye. Sikuona nani angeweza kumziba mtu mdomo nyumbani kwake. Na nilijua kwamba pasipo yeye nimekwisha, kwa sababu kwetu mtoto hachagui masomo, na wazazi wake hawamchagulii. Kikao ndicho kinachoamua, kwa kuwa ndicho kinachochangia ada.

Walikuja Jumamosi. Mbuzi alichinjwa asubuhi, mama na wake za baba zangu wakaingia jikoni, ambako ndiko maoni yao yalikotarajiwa kubaki. Mimi niliwekwa kwenye stuli karibu na mlango, mahali pa mtuhumiwa. Baba mkubwa alikuwa mwenyekiti. Amewahi kuwa karani kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na tangu hapo hajawahi kukaa mahali watu wakizidi wanne bila kuwa mwenyekiti. Baba mdogo, kwa vile ni mtendaji, alikuwa katibu. Alisimama akasoma ajenda kwa sauti ya ofisini: kufungua kikao, masomo ya binti, mengineyo, kufunga kikao. Shangazi alisali, na katika sala hiyo hiyo akamshukuru Mungu kwa "daktari wetu mtarajiwa". Kwa hiyo nilijua kikao kimekwisha kabla hakijaanza, lakini soda zilikuwa hazijanywewa, ikabidi tuendelee.

Ukweli ni kwamba walilinganisha kazi nyingi, nisiwasingizie. Baba mdogo alipendekeza sheria, kwa sababu tuna kesi ya kiwanja. Baba mkubwa akasema mwanasheria anasoma miaka yote hiyo na anachotoka nacho ni mdomo, na midomo kwenye ukoo huu inatosha. Hapo alisema kweli, ingawa hakujua. Shangazi alitaja uhasibu wa benki. Ukakataliwa kwa hoja kwamba mtu wa benki anapendeza sana mchana lakini jioni hamna anayejua kama ni wa benki. Mtu mmoja akataja uhandisi, wakajiuliza mhandisi anavaa nini, wakakumbuka mabuti na kofia ya plastiki, wakatikisa vichwa. Ualimu ulipotajwa, baba mkubwa alipunga mkono tu.

"Ualimu tunao," alisema, na baba yangu, aliyekuwa ameketi pale pale, akatabasamu.

Nililiona tabasamu lile na lilinichoma. Walikuwa hawalinganishi elimu wala kazi. Walikuwa wanalinganisha mavazi, na jinsi kila vazi litakavyoitika kwenye kipaza sauti. Hakuna aliyeuliza alama zangu za baiolojia. Hakuna aliyeuliza kama naweza kutazama damu. Watu hawa wakienda mnadani kununua ndama wanamfungua mdomo, wanamkagua kwato, wanauliza mama yake alikuwa anatoa maziwa kiasi gani. Kwa ajili ya maisha yangu walikagua koti.

Halafu waliingiza mtaalamu. Baba mkubwa alikuwa amemwalika kijana mmoja jirani yake wa Kisesa, aliyemaliza masomo ya udaktari, aje atupe mwanga. Walimpa kochi lenye kitambaa kipya, wakampa soda mbili kwa pamoja, wakamwita daktari kila walipovuta pumzi. Kijana yule alikuwa mpole, mwembamba, na alikuwa na kosa moja, ambalo ni kusema ukweli.

"Wazee wangu, shikamooni," alianza. "Kazi ni nzuri, siikatai. Lakini mimi nimemaliza, nimefanya mazoezi, na bado nasubiri ajira. Kwa sasa nasaidia kwenye duka la dawa, na nyumbani nafuga kuku. Masomo ni magumu mno. Kama mtoto hapendi baiolojia, nawaomba msimtume huko. Atateseka bure."

Nilimtazama baba, kwa sababu kama kulikuwa na wakati wa kusema, ulikuwa ndio huo. Mtaalamu wao wenyewe alikuwa amefungua mlango, kilichobaki ni mtu kuingia. Baba alikuwa anatazama chupa yake ya soda.

Baba mkubwa alikohoa. "Tunamshukuru sana daktari kwa mawaidha yake mazuri," alisema. "Nadhani wote tumesikia jinsi kazi hii ilivyo ngumu. Ndiyo maana inahitaji mtu mwenye akili kama huyu binti yetu."

Wakapiga makofi. Kijana wa watu alipotoka nje kunawa mikono, shangazi aliinama na kutunong'oneza kwamba yule atakuwa amefungwa na watu wa kwao, maana haiwezekani daktari mzima afuge kuku. Kila mtu aliliona hilo kuwa ndilo jibu. Ilikuwa rahisi kwao kuamini uchawi kuliko kuamini kwamba walikuwa wamekosea kuchagua.

Kwa kuwa walikuwa watu wa haki, walinipa nami nafasi. "Kwa kifupi, mwanangu," alisema mwenyekiti, "chakula kinakaribia."

Nilisimama. Nilieleza vyumba vya baridi, nikaeleza miaka mitatu dhidi ya minane, nikaeleza viwanda. Nilikuwa nimejiandaa vizuri na nilizungumza vizuri, mpaka leo najivunia. Walicheka. Hawakucheka kwa ubaya, walicheka kama watu wanavyocheka mtoto akisema anataka kuwa simba.

"Fundi friji!" alisema baba mdogo, akajifuta machozi. "Sasa harusini tutamtambulishaje?"

"Na nani atakuoa unanuka gesi?" alisema shangazi. Nimeolewa, nina watoto, na gesi naishika kila siku ya kazi. Shangazi alikula pilau ya harusi hiyo sahani mbili.

Ndipo baba mkubwa alipomgeukia mdogo wake. "Mwalimu, wewe ndiye mzazi. Kwenye ajenda hii una pingamizi?"

Baba alijiweka sawa kwenye kochi. Nikamwona anapanua mdomo, nikaona na yale maneno yakipanda, naapa niliyaona. Kisha akasema, "Sina pingamizi, mwenyekiti."

Alimwita kaka yake mwenyekiti, ndani ya nyumba yake mwenyewe. Sikumbuki vizuri yaliyofuata, isipokuwa kwamba mama alichungulia kutoka jikoni akiwa na mwiko mkononi, akanitazama, akarudi ndani. Nyama iliiva, kikao kikafungwa kwa sala, watu wakala. Baba mkubwa alinipa fupa zuri la paja kwa mkono wake mwenyewe.

Walipoondoka nilimfuata baba nyuma ya nyumba, alikokuwa anapanga makreti ya soda. Nilimuuliza kwa nini. Nilimuuliza kwa sauti ambayo mtoto wa kwetu hamwambii nayo baba yake, na hakunikemea.

"Nilikuwa nimepanga kulisema kwenye mengineyo," alisema. "Sikutaka kumpinga kaka kwenye ajenda yenyewe, na mgeni yupo. Sasa si uliona? Mengineyo hatukufika. Nyama ilikuwa tayari."

Alikuwa hatanii. Mtu mzima, aliyefundisha nusu ya vijana wa Pasiansi kusoma, alikuwa amekaa saa zile zote akisubiri kipengele. Nilimdharau siku ile kuliko nilivyowadharau wote waliocheka. Wale walikuwa hawajui. Yeye alijua kila kitu, mpaka masomo ya mwaka wa kwanza, na alikuwa amengoja ruhusa.

Nikapelekwa shule ya bweni ya wasichana, mbali na ziwa. Nilisoma, sikukaa bure. Nilipasua panya, nilipasua chura, nilikariri mifupa mpaka naiota. Fizikia ilinibeba, kemia ilinivumilia, baiolojia ilinikataa waziwazi. Kila likizo baba mkubwa alinipokea kwa "daktari, karibu," akaninyooshea mguu wake unaouma nimwangalie. Matokeo ya kidato cha sita yalipotoka, hapakuwa na chuo chochote cha udaktari ambacho kingenipokea. Sikufeli kwa makusudi, ingawa shangazi anadai hivyo hadi leo.

Nilitarajia kikao kingine. Nilitarajia kugombezwa, kuombewa, kupelekwa kwa mtu wa kuniangalia. Hakikuitishwa chochote. Baba mkubwa alipiga simu akasema "poleni sana" kwa sauti ya msibani, kisha katika simu hiyo hiyo akauliza mdogo wangu wa kiume, aliyekuwa kidato cha pili, anaendeleaje na sayansi. Basi. Namba ilikuwa imehamishiwa kwa mwingine. Sikukuu iliyofuata aliniita kwa jina langu la ubatizo, bila cheo, akapita kwenda kumsalimia mdogo wangu. Nilikuwa nimeota kuachwa huru kwa muda mrefu, na sikujua kwamba uhuru wenyewe ungekuja kwa namna hii, kama kutupwa. Nililia, na nililia kwa hasira, kwa sababu watu wale hawakustahili machozi yangu.

Kisha nikajifuta uso, nikaenda mwenyewe kuomba nafasi kwenye chuo cha ufundi. Mama aliacha kuuza siku moja ili anisindikize. Nikapokelewa. Mambo yote yalikuwa yamekamilika, hata malazi nilishapata, nilipomkuta baba barazani jioni moja nikamwambia.

"Nimepata nafasi, baba. Majokofu. Jumatatu naondoka."

Alifurahi, na furaha yake ilikuwa ya kweli. Aliinuka akanishika mabega yote mawili. Kisha mikono yake ikalegea.

"Ngoja basi nimuulize kaka kwanza," alisema.

Nilidhani nimesikia vibaya. Hapakuwa na mtu hata mmoja aliyekuwa anauliza. Ningeweza kwenda kusomea kukamata panzi na ukoo usingegeuza shingo. Lakini alishatoa simu, alishavaa miwani, na simu ilikuwa inaita, sauti ikiwa wazi kwa sababu hakuwahi kujua kuipunguza.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Habari za huko?"

"Nzuri, kaka. Samahani kwa usumbufu. Ni kuhusu binti. Alikuwa anaomba kwenda chuo cha ufundi, ile habari ya majokofu. Nikaona nisiamue bila wewe."

"Binti yupi?"

"Huyu wangu, kaka. Huyu mkubwa."

Upande wa pili kulikuwa na redio na mtu anafukuza mbuzi. "Aaa, huyo," alisema baba mkubwa. "Mwache aende tu. Na huyo mdogo, hesabu anaziweza?"

Wakaongea habari za mdogo wangu kwa muda mrefu. Mimi nilisimama pale pale nimeegemea nguzo, nikiwa na maneno yangu tayari, makali, niliyoyanoa kwa miaka miwili yote ya bweni. Nilipanga kumwambia kila kitu simu ikikatika. Ilipokatika, baba alivua miwani na kunigeukia, na sijawahi kumwona amesimama wima namna ile, hata mbele ya darasa.

"Amekubali!" alisema. "Umesikia mwenyewe. Nimemweleza, na hakupinga hata kidogo."

Nilimtazama usoni nikitafuta kama angalau anajua. Hakujua.

"Asante, baba," nikasema.

"Unanishukuru nini sasa?" akajibu, akicheka kwa raha. "Mimi si ndiye baba yako?"